Nyota ni za Mwenyezi Mungu, picha za angani ni za watu

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Tunduma



Mji wetu wa Tunduma ni mji wa biashara. Malori yanaingia na kutoka usiku na mchana, na mpaka wa Zambia uko hatua chache kutoka vibandani. Katika mji wa namna hii mtu akiyumba kimtaji, akikimbiwa na wateja, au binti akichelewa kuolewa, maneno ambayo hayachelewi kumfikia ni kuwa "nyota yake imechafuka". Akishaambiwa hivyo, yupo wa kumsafishia hiyo nyota, kwa malipo. Linalosikitisha zaidi ni kuwa baadhi ya hao wasafishaji wamevaa kanzu na kofia, wana kitabu cha Kiarabu mkononi, na huitwa maalim. Muislamu wa kawaida akiona hivyo huamini kuwa jambo hili lina asili katika dini yake.

Vijana nao wana la kwao. Utamsikia mwanafunzi wa sekondari akisema, "Mimi nyota yangu Simba, ndiyo maana nina hasira." Ukimuuliza huyo simba yuko wapi mbinguni, nani alimchora na lini, hana jibu. Anajua tabia za nyota ambayo hajawahi kuiona.

Swali la kujiuliza ni hili: Je, hizi buruji na makundi ya nyota yametoka wapi? Ni sehemu ya maumbile aliyoyaweka Mwenyezi Mungu, au ni kazi ya mikono na fikra za watu? Mwenye kulijua jibu la swali hili hawezi kuuziwa nyota yake mwenyewe.

Nyota na kundi la nyota

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Nyota ni kiumbe. Ipo, inawaka, iwe mwanadamu ameiangalia au hakuiangalia. Kundi la nyota, kama vile Simba, Nge au Mizani, ni picha ambayo watu waliitunga kwa kuunganisha nyota kadhaa kwa mstari wa kufikirika, kama mtoto anavyounganisha nukta kwenye daftari.

Chukua mfano ulio juu ya vichwa vyetu. Mwezi wa Mei na Juni, baada ya Isha, tazama upande wa kusini. Utaona nyota nne zinazofanya umbo la tiara, na pembeni yake, upande wa mashariki, nyota mbili kali zilizokaribiana zinazoielekea. Hizo mbili zinaonekana kama ndugu. Moja huitwa Rigil Kentaurus, na nyingine huitwa Hadar. Mwanga wa ile ya kwanza hutumia miaka 4 na zaidi kidogo kutufikia. Mwanga wa Hadar hutumia karibu miaka 390. Moja iko mbali na sisi karibu mara 90 kuliko nyingine! Hazina ujirani wowote isipokuwa machoni petu, kwa sababu sisi tumesimama mahali ambapo zinaonekana zimepangana. Lau ungesafirishwa mbali sana na dunia, picha zote unazozijua zingevunjika, na nyota zingebaki.

Kwa hiyo anayesema kundi fulani la nyota linamtawala mtu, anasema kuwa mtu anatawaliwa na mchoro.

Kilimia, jina letu wenyewe

Ushahidi mwingine kuwa picha hizi ni za watu ni kwamba kila taifa limechora za kwake. Tuanze na sisi wenyewe. Wazee wetu walikijua Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ndogo zilizosongamana, ambacho mwezi wa Novemba huchomoza upande wa mashariki-kaskazini jua linapozama. Jina lake limetokana na kulima. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini hukiita isiLimela, na Wasotho hukiita Selemela. Mzizi ni ule ule wa kulima. Maana yake ni kuwa jina hili ni la zamani sana, na watu wa lugha za Kibantu wamesafiri nalo kutoka huku mpaka ncha ya bara.

Halikuwa jina la mapambo. Hapa kwetu Songwe mvua huanza karibu na Novemba, wakati huo huo Kilimia kinapoonekana jioni. Mwanzoni mwa Mei, mvua zikiwa zimekwisha au ziko ukingoni, Kilimia huzama magharibi pamoja na jua na kupotea. Kinapoonekana tena alfajiri mwezi wa Juni, ni kiangazi. Ndiyo maana wahenga wa pwani walisema kuwa Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ilikuwa kalenda ya mkulima asiyekuwa na karatasi.

Sasa tazama kishada hicho hicho kwa wengine. Wagiriki walikiona kuwa ni mabinti saba wa jitu liitwalo Atlas. Waarabu walikiita Thurayya, na wako wafasiri waliosema kuwa ndicho kilichokusudiwa katika mwanzo wa Suratun Najm. Wajapani walikiita Subaru. Naam, ni Subaru hiyo hiyo unayoiona kwenye magari ya mitumba yanayopita Tunduma kwenda Zambia na Kongo. Tazama nembo yake vizuri, ni nyota sita ndani ya duara. Hicho ni Kilimia kimebandikwa mbele ya gari.

Nyota ni zile zile. Mkulima kaona jembe, Mgiriki kaona mabinti, Mjapani kaona vitu vilivyokusanyika pamoja. Nani kati yao aliyeambiwa na nyota zenyewe?

Kutoka Babeli hadi Iskandaria

Buruji 12 zinazochapishwa magazetini zina historia inayojulikana. Chimbuko lake ni Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraq. Makuhani wa huko waliandika kwenye vibao vya udongo majina ya nyota na nyakati za kuchomoza kwake. Mkusanyiko wao mashuhuri, uitwao Mul.Apin, ulitungwa karibu miaka 1000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Ndani yake njia ya mwezi ilipita katika makundi 17 au 18, siyo 12. Ng'ombe alikuwemo, Simba alikuwemo, Nge alikuwemo.

Zikawaje 12? Karibu karne ya 5 kabla ya Nabii Isa, Wababeli hao hao waliikata njia ya jua katika vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja nyuzi 30, ili ilingane na miezi 12 na kurahisisha hesabu. Ilikuwa ni rula ya kupimia. Mbingu yenyewe haina mistari hiyo. Nyota za Nge zina eneo lake, za Mizani zina eneo lake, na hazilingani kwa ukubwa hata kidogo.

Wagiriki walizichukua picha hizo, wakachanganya na ngano za miungu yao. Kisha katika mji wa Iskandaria, Misri, hapa hapa Afrika, karibu mwaka 150, Batlimusi aliandika kitabu kikubwa alichoorodhesha nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48. Makundi hayo 48 ndiyo yaliyorithiwa na Waislamu, kisha Wazungu.

Tukumbuke kuwa Babeli ilikuwa nchi ya kuabudu nyota. Kwao Zuhura alikuwa mungu mke, mwezi mungu, jua mungu. Qur'an inatusimulia katika Suratul An'am, kuanzia aya ya 76, jinsi Nabii Ibrahim (a.s.) alivyowatolea hoja watu wake kwa nyota, kisha mwezi, kisha jua. Kila kimoja kilipozama alikikataa, kwa sababu chenye kutua hakifai kuwa mola. Kwa hiyo suala la nyota lilijadiliwa na Mitume kabla halijatufikia sisi.

Waarabu na mvua za nyota

Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa mafundi wa nyota. Jangwa halina alama za njia. Walikuwa na vituo 28 vya mwezi, na walihesabu majira kwa kuzama kwa nyota moja na kuchomoza kwa mwenzake. Walikuwa na picha zao pia. Nyota saba za kaskazini ambazo Wagiriki walizifanya dubu, Waarabu waliziona kuwa ni jeneza linalobebwa na mabinti wakilisindikiza, wakaziita Banatu Na'sh.

Lakini elimu hiyo waliichafua. Walisema nyota fulani ndiyo iliyoleta mvua. Wengine waliiabudu Shi'ra, ile nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Ndipo Suratun Najm, aya ya 49, ikaja kuwakumbusha kuwa Allah ndiye Mola wa hiyo Shi'ra. Na pale Hudaybiya, baada ya mvua kunyesha usiku, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha Maswahaba wake kuwa anayesema tumenyeshewa kwa fadhila za Allah huyo amemuamini Allah, na anayesema tumenyeshewa kwa nyota fulani huyo amemkufuru Allah na kuiamini nyota. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tuielewe vizuri. Hakukatazwa mtu kusema kuwa Kilimia kikionekana jioni msimu wa mvua umekaribia. Huko ni kujua wakati, kama kutazama saa. Kilichokatazwa ni kusema kuwa Kilimia kimenyesha. Saa ikigonga sita haileti mchana.

Hata siku alipofariki mtoto wa Mtume (s.a.w.), Ibrahim, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Kiongozi mwenye kutafuta utukufu angenyamaza ili watu waendelee kuamini. Mtume (s.a.w.) alisimama akabainisha kuwa jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa yeyote. Ikiwa jua halikupatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume, iweje nyota ichafuke kwa ajili ya duka la Tunduma?

Waislamu waliihifadhi elimu hii

Baada ya hapo usije ukadhani Uislamu ulizipa mgongo nyota. Ulizitenga na ushirikina, kisha ukazisomesha. Swala tano zina nyakati, Ramadhani ina mwezi wake, Kibla kina uelekeo. Yote hayo yanahitaji hesabu ya mbingu.

Zama za Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, kitabu cha Batlimusi kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad. Wanazuoni hawakukikubali kibubusa. Karibu mwaka 964, Abdulrahman As-Sufi, mzaliwa wa mji wa Rayy katika Iran ya leo, alimaliza kitabu chake cha picha za nyota. Alizipitia nyota za Batlimusi moja moja kwa jicho lake, akasahihisha mwanga wake, akachora kila kundi mara mbili: kama linavyoonekana mbinguni, na kama linavyoonekana kwenye tufe la kufundishia. Kisha pembeni ya majina ya Kigiriki akaweka majina ya Waarabu wa jangwani. Humo pia alitaja wingu dogo katika kundi la Andromeda. Leo inajulikana kuwa wingu lile ni mkusanyiko mkubwa sana wa nyota ulio nje kabisa ya huu wa kwetu, na maandishi ya As-Sufi ndiyo ya kwanza yanayojulikana kulitaja. Hakuwa na darubini. Mnamo mwaka 1437 Sultani Ulugh Beg wa Samarkand naye alitoa orodha ya nyota zaidi ya 1,000 zilizopimwa upya.

Matunda yake ni kuwa mpaka leo, mtaalamu wa anga wa Marekani au Japani akitaja nyota, mara nyingi anatamka Kiarabu bila kujua. Aldebaran ni Ad-Dabaran, yaani mwenye kufuata, kwa kuwa inafuata nyuma ya Kilimia. Rigel ni rijl, mguu. Deneb ni dhanab, mkia. Fomalhaut ni famul hut, mdomo wa samaki. Altair ni tai arukaye. Hata Betelgeuse ni yadul Jauza, mkono wa Jauza, isipokuwa mnakili wa Ulaya aliisoma "ya" kama "ba", na kosa la nukta moja likabaki mpaka leo.

Mabaharia wa pwani yetu

Elimu hii ilifika kwetu kwa jahazi. Nahodha alipima kimo cha nyota ya Jaha, yaani nyota ya kaskazini, kwa kibao kidogo chenye kamba ya mafundo aliyoing'ata kwa meno. Kimo alikihesabu kwa vidole. Ahmad bin Majid, mwana wa bahari aliyezaliwa Julfar katika nchi ambayo sasa ni Falme za Kiarabu, aliandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia karibu mwaka 1490, na akatunga pia mashairi ya kufundishia yanayoeleza njia ya pwani yetu mpaka Sofala, Msumbiji. Watu wengi wamekuwa wakisimulia kuwa ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Watafiti wa karibuni wanaikataa habari hiyo, na hakuna sababu ya kumbebesha.

Jambo la kuzingatia ni kuwa ukivuka mstari wa Ikweta kwenda kusini, Jaha huzama usiione tena. Kilwa haionekani, na Tunduma haionekani. Mabaharia walilazimika kutumia nyota nyingine, zikiwemo Farkadani na zile za Banatu Na'sh. Elimu ya kweli hubadilika kufuata mahali ulipo, kwa kuwa inatazama mbingu iliyopo. Ramli haibadiliki, kwa kuwa haitazami chochote.

Pampu ya hewa mbinguni

Kama bado una shaka kuwa picha hizi ni za watu, tazama mbingu ya kusini. Wagiriki hawakuweza kuiona sehemu yake kubwa. Mabaharia wa Kiholanzi walipopita Bahari ya Hindi kati ya mwaka 1595 na 1597, walipima nyota za huko, na kutokana na vipimo vyao yakatungwa makundi mapya 12, mengi ya wanyama waliowaona safarini, kama kinyonga na ndege wa peponi. Kisha mwaka 1751 na 1752 Mfaransa Lacaille alikaa Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, akaongeza makundi 14. Kwa kuwa alivutiwa na vyombo vya maabara, aliyapa majina ya vyombo: darubini, saa, tanuru, na hata pampu ya hewa!

Zile nyota nne za umbo la tiara nazo Wazungu waliziita Msalaba wa Kusini. Batlimusi alizihesabu kuwa sehemu ya kiumbe nusu mtu nusu farasi. Watswana katika nyota hizo na zile mbili zinazozielekea huona twiga. Mwenye kuona msalaba, mwenye kuona twiga na mwenye kuona tiara, wote wanaangalia uumbaji mmoja.

Hatimaye mwaka 1922 wataalamu wa umoja wa kimataifa wa elimu ya anga walikutana Roma, wakakubaliana makundi yawe 88. Mwaka 1928 wakaidhinisha mipaka yake, ikachapishwa mwaka 1930. Yaani mipaka ya makundi ya nyota ilipitishwa kwenye kikao, kama ilivyochorwa mipaka ya nchi zetu. Sisi wa Tunduma tunaelewa maana ya mpaka uliochorwa na watu: upande huu Tanzania, upande ule Nakonde, na udongo ni ule ule.

Falaki na unajimu

Tusijidanganye pia. Katika historia yetu wapo waliochanganya falaki na utabiri, tena mashuhuri. Abu Ma'shar, aliyefariki mwaka 886, alikuwa bingwa wa utabiri huko Baghdad, na vitabu vinavyonasibishwa kwake ndivyo vinavyozunguka mikononi mwa waganga wa Afrika Mashariki mpaka leo. Lakini wapo pia waliosimama kuupinga. Ibn Sina aliandika risala ya kuubatilisha unajimu, na Ibnul Qayyim aliujibu kwa kirefu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, katika hadithi ya Ibn Abbas iliyopokewa na Abu Daud, aliuhesabu unajimu huo kuwa ni tawi la uchawi. Na katika Sahih Muslim imekuja kuwa anayemwendea mtabiri na kumuuliza jambo, swala zake za siku 40 hazikubaliwi.

Hebu tuipime hiyo hesabu yao. Mganga anachukua jina lako na jina la mama yako, anazigeuza herufi kuwa tarakimu kwa abjadi, anajumlisha, anatoa 12 mara nyingi awezavyo, kinachobaki ndiyo buruji yako. Je, umemuona akitoka nje kutazama mbingu? Hata siku ikiwa na mawingu hesabu inakwenda. Nyota hazimo kabisa katika kazi hiyo. Kilichomo ni jina lako na pesa yako.

Wale wa magazetini wanaotumia tarehe ya kuzaliwa nao wana tatizo lao. Mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia, karibu nyuzi moja kila miaka 72. Kwa miaka 2,000 tangu hesabu ile ilipotulia, buruji na nyota zake zimeachana karibu kipande kizima. Mtu aliyezaliwa tarehe 1 Aprili anaambiwa ni Hamali, yaani Kondoo. Ukweli ni kuwa siku hiyo jua liko mbele ya nyota za Hutu, yaani Samaki. Na nusu ya kwanza ya Disemba jua linapita katika kundi la Hawwa, mshika nyoka, ambalo halimo kabisa katika zile 12. Basi hao watu wanasomewa tabia za nani?

Nyota zina kazi gani kwetu?

Qatada, mwanachuoni wa Matabiina, kauli yake imo katika Sahih Bukhari. Alifundisha kuwa nyota zimeumbwa kwa mambo matatu: pambo la mbingu, makombora kwa mashetani, na alama za kuongozea njia. Mwenye kuzitafutia jambo jingine amekosea na amepoteza fungu lake. Suratul An'am aya ya 97 nayo inatukumbusha kuwa nyota zimewekwa ili tuongoke kwazo katika giza la nchi kavu na bahari.

Katika mkoa wetu wa Songwe kuna Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma chenye urefu wa kama mita 3 na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kilichoandikwa rasmi mwaka 1930. Watu husema ni nyota iliyoanguka. La hasha. Ni jiwe la chuma kutoka angani, na lilipoanguka hakuna nyota iliyopungua mbinguni. Wanafunzi wakipelekwa pale wafundishwe hilo, wasirudi na hadithi za nyota ya mtu kuanguka.

Na kuongoka njia kungali kuna faida. Dereva wa lori anayelala barabarani usiku, simu imezima, anataka kuswali. Kama ni Mei au Juni, atafute ile tiara ya kusini. Avute mstari kutoka nyota ya juu kupita ya chini, auendeleze mara nne na nusu ya urefu wake, kisha ashuke wima mpaka ardhini. Hapo ndipo kusini. Aigeuzie mgongo, atakuwa anaelekea kaskazini. Kutoka Tunduma, Kibla kiko kaskazini kikielemea mashariki kwa nyuzi kama 13, sawa na upana wa ngumi na kidogo, mkono ukiwa umenyooshwa mbele. Ageuke kulia kiasi hicho, aswali. Miezi ya mvua, mawingu yakifunguka, atazame zile nyota tatu zilizopangana katikati ya Jauza. Zinachomoza mashariki kamili na kuzama magharibi kamili. Elimu hii hailipiwi hata senti.

Ushauri wangu kwa walimu wenzangu wa madrasa na wazazi ni huu. Tuwatoe watoto nje usiku mmoja kila mwezi, mwezi ukiwa haujachomoza, tuwaoneshe Kilimia, Shi'ra, Jauza na nyota za Kibla. Tuwaulize wazee wa Kinyiha na Kinyamwanga, huko Mbozi, Momba na Ileje, majina ya nyota katika lugha zao na kazi walizofanyia, tuyaandike kabla wenyewe hawajaondoka. Mtoto aliyekwishaoneshwa nyota na kufundishwa nani aliziumba na nani alizipa majina, siku akiambiwa nyota yake imechafuka atauliza: ipi hiyo? Nioneshe!

Wabillahi tawfiq.